Kuruhusiwa si kupona: Usitoke hospitalini kabla hujaelewa

Ni saa tatu asubuhi. Umelazwa kwa siku nane katika hospitali moja mjini Kakamega. Leo daktari amefika kitandani mwako pamoja na wenzake, akasoma faili, akakupima, kisha akatamka neno ulilokuwa ukilingoja: "Mama, leo utakwenda nyumbani." Unampigia simu mwanao aliyeko Khwisero aje akuchukue. Unatia kikombe, sahani na leso yako mfukoni, unaketi kando ya kitanda, unangoja.

Saa sita zinafika. Hakuna aliyekuja. Saa nane unamwuliza muuguzi, naye anakujibu kwamba faili yako haijarudi kutoka kwa mhasibu. Saa kumi mwanao angali kwenye foleni ya dirisha la dawa. Saa kumi na moja na nusu, mawingu ya mvua yakiwa yametanda na matatu zikianza kupungua stejini, unatiwa mkononi karatasi yenye mwandiko usiosomeka, pakiti tatu za vidonge na maneno machache: "Haya mama, utarudi kliniki." Kliniki ipi? Siku gani? Na zile dawa ulizokuwa ukinywa kabla ya kulazwa, uendelee nazo ama uziache? Hukuuliza, kwa sababu ulikuwa umechoka na ulitaka tu kwenda.

Mpenzi msomaji, ikiwa wewe mwenyewe hujaipitia siku kama hiyo, bila shaka umewahi kumpokea nyumbani mtu aliyeipitia. Wengi wetu huamini kwamba mgonjwa akiruhusiwa amepona. Sivyo. Kuruhusiwa maana yake ni kwamba ile sehemu ya matibabu iliyohitaji kitanda imekwisha. Sehemu iliyobaki imekabidhiwa wewe na jamaa zako. Kama hamkuelezwa vyema, mtaifanyaje?

Hatari iliyo nje ya lango

Haya si maneno ya kutisha watu bure. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia watoto wadogo waliolazwa katika hospitali za nchi kadhaa za Afrika na Asia, zikiwemo za Nairobi, Kilifi na Migori hapa kwetu. Wachunguzi waligundua kwamba kati ya watoto waliofariki katika muda wa miezi 6, karibu nusu walifia nje, baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, ulihusu watoto 1,049 wa chini ya miaka 5 waliokuwa wametibiwa upungufu mkubwa wa damu katika hospitali 9 za Kenya na Uganda, kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Wale waliopewa dawa ya kukinga malaria mara tatu katika miezi mitatu baada ya kutoka hospitalini walifariki au kulazwa tena kwa kiasi kidogo zaidi kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa asilimia 70 katika muda huo. Ni kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kinga ya namna hiyo mwaka 2022.

Kakamega iko katika ukanda wa Ziwa Victoria ambako malaria haina msimu wa kupumzika. Kwa hiyo mzazi wa hapa yampasa kuelewa kwamba wiki zinazofuata siku ya kuruhusiwa ni wiki za kumchunga mtoto kwa macho mawili.

Kwa nini unacheleweshwa?

Neno la daktari ni mwanzo tu wa safari. Baada ya kusema uende nyumbani, ni lazima muhtasari uandikwe: uliugua nini, ulipimwa nini, ulipewa dawa gani, utatumia dawa zipi nyumbani na utarudi lini. Aghalabu anayeuandika ni daktari kijana aliye katika mwaka wake wa mafunzo ya kazi. Huyu ana wodi nzima mikononi mwake, na akiitwa chumba cha upasuaji au kwa mgonjwa aliyezidiwa, muhtasari wako hungoja.

Kisha faili huenda kwa wahasibu, ambapo gharama za maabara, eksirei, dawa na kitanda hukusanywa pamoja. Kutoka hapo hupita kwenye dawati la bima, kwa keshia, kwenye dirisha la dawa, na kurudi wodini ndipo upewe karatasi ya kumwonyesha bawabu langoni. Kituo kimoja tu kikikwama, vyote vinakwama.

Ucheleweshaji huu hauudhi tu. Kitanda unachokikalia kinangojewa na mgonjwa mwingine aliye kwenye benchi. Wewe mwenyewe unazidi kukaa mahali penye viini vya magonjwa. La mbaya zaidi ni kwamba jioni ikifika kila mtu huwa na haraka, na katika haraka hiyo maelezo ndiyo hukatwa kwanza. Mgonjwa aliyengoja tangu asubuhi hupewa maelezo ya dakika moja, na yeye mwenyewe hana tena nguvu za kusikiliza.

Hatuwalaumu wauguzi na madaktari ambao wengi wao hujitahidi huku wakiwa wachache. Lakini yapo mambo ambayo wewe na jamaa zako mnaweza kuyafanya mapema.

Kwanza, usingoje siku ya mwisho. Tangu siku ya pili ya kulazwa, uliza kwa adabu: "Daktari, unadhani nitakaa siku ngapi?" Hata jibu la kukisia litawasaidia jamaa kujipanga kwa nauli.

Pili, shughulikia bima siku ile ile ya kulazwa. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Anayegundua siku ya kutoka kwamba hakujisajili au hakulipa atakaa pale pale kitandani.

Tatu, kila baada ya siku mbili au tatu mtume jamaa aulize gharama zimefika kiasi gani. Deni linalojulikana mapema halishangazi.

Ukishindwa kulipa

Wazee watakumbuka kwamba zamani mtu alitibiwa katika hospitali ya serikali bila malipo. Ada zilianzishwa Desemba 1989 chini ya mpango wa kugawana gharama, zikasimamishwa mwaka 1990, kisha zikarudishwa polepole. Tangu mwanzo ulikuwepo utaratibu wa kuwasamehe wasiojiweza, lakini wengi hawakuujua na wengi hawaujui hata leo.

Ikiwa huna uwezo, omba kuonana na afisa wa huduma za jamii wa hospitali. Kazi yake moja ni kuchunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza asamehewe ada au alipe kidogo kidogo. Muone mapema, usingoje siku ya kuruhusiwa.

Ufahamu pia kwamba sheria hairuhusu mgonjwa kufungiwa kama mahabusu kwa sababu ya deni. Mwaka 2010 akina mama wawili walizuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua kwa kuwa hawakuweza kulipa. Walikwenda mahakamani. Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba, zikiwemo za uhuru na heshima ya binadamu. Mmoja alipewa fidia ya Sh1.5 milioni na mwingine Sh500,000. Mahakama pia iliagiza pawekwe utaratibu wazi wa kusamehe ada katika hospitali za umma. Hukumu hiyo haifuti deni lako, lakini yasema deni hudaiwa kwa njia za kisheria, si kwa kufungiwa wodini.

Alama zilizo kwenye karatasi yako

Sasa tuje kwenye ile karatasi. Wahudumu wa afya wana mkato wao wa kuandika ambao kwao ni rahisi, lakini kwa mgonjwa ni kama maandishi ya kigeni. Kata sehemu hii uihifadhi:

OD – mara 1 kwa siku
BD – mara 2 kwa siku
TDS – mara 3 kwa siku
QID – mara 4 kwa siku
Nocte – usiku, wakati wa kulala
PRN – unapohitaji tu, kwa mfano maumivu yakizidi
Stat – mara moja, papo hapo
5/7 – kwa siku 5
2/52 – kwa wiki 2, au baada ya wiki 2
1/12 – kwa mwezi 1, au baada ya mwezi 1
TCA – urudi tena

Sehemu ya chini ndiyo inayotaja kipimo: 7 ni siku za wiki, 52 ni wiki za mwaka, 12 ni miezi ya mwaka. Basi "TCA 2/52" si tarehe wala hesabu ya shuleni. Maana yake ni kwamba urudi baada ya wiki mbili. Si ajabu mtu akairudisha karatasi hiyo nyumbani, akaiweka chini ya godoro, asijue kwamba ameitwa.

Kwenye pakiti ya dawa nako huandikwa "1x3" au "2x3". Nambari ya kwanza ni idadi ya vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Kwa hiyo 1x3 ni kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana na kimoja jioni. Wapo wanaomeza vitatu kwa mkupuo mmoja. Ukitaka kuhakikisha, hesabu vidonge: dawa ya 1x3 kwa siku 5 ni vidonge 15. Ukikuta 10, rudi dirishani uulize kabla hujaondoka.

Tahadhari nyingine ni ya saa. Mhudumu aliyesoma kwa Kiingereza anaweza kusema "saa nane" huku akifikiria nambari 8 ya kwenye saa, yaani saa mbili asubuhi. Wewe utameza saa nane mchana. Muulize: "Ni asubuhi jua likichomoza, au ni mchana baada ya chakula?" Swali hili halina aibu hata kidogo.

Mtoto aliyelazwa kwa malaria kali

Mtoto aliyelazwa kwa malaria kali hudungwa sindano za artesunate kwa muda wa angalau saa 24. Akiweza kula na kumeza, hupewa vidonge vya AL vya siku tatu ili kumalizia kazi. Hapa ndipo makosa hutokea. Mama humwona mtoto akicheza na kuku uani, akadhani ugonjwa umekwisha, akaviweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya ndugu yake.

Usifanye hivyo. Vidonge hivyo ni sehemu ya tiba ile ile iliyoanzia hospitalini. Kwa kawaida dozi ni 6: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, maana dawa hii huingia mwilini vyema zaidi kwa njia hiyo. Mtoto akitapika baada tu ya kumeza, uliza kituo cha afya kama arudie.

Kwa wiki nne baada ya sindano hizo, mchunguze. Viganja na midomo vikipauka, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, akichoka upesi, akipumua kwa shida au homa ikirudi, mrudishe mara moja. Baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na damu siku kadhaa baada ya artesunate, hata kama malaria yenyewe imetoweka.

Mama aliyejifungua

WHO hupendekeza mama aliyejifungua salama akae hospitalini angalau saa 24. Usiharakishwe, wala wewe usiharakishe. Kabla ya kutoka, hakikisha mtoto amepata chanjo ya kifua kikuu na ya polio, yameandikwa katika kijitabu cha mama na mtoto, na umepewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ambayo utaihitaji kupata cheti cha kuzaliwa. Uliza pia tarehe za kurudi: wiki ya kwanza au ya pili, na tena mtoto akiwa na wiki 6.

Rudi hospitalini bila kungoja tarehe ukiona mojawapo ya haya: damu inayojaza pedi katika muda usiozidi saa moja, homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kifafa cha uzazi chaweza kumpata mama hata baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa mtoto, dalili za hatari ni kukataa kunyonya, mwili kuwa moto au baridi kupita kiasi, kupumua haraka, degedege, nyayo kuwa za manjano, na kitovu kutoa usaha.

Mzee mwenye presha au sukari

Mzee aghalabu huingia hospitalini akiwa na dawa zake nyumbani, na hutoka na nyingine. Hakuna anayezilinganisha. Dawa moja huweza kuwa na majina mawili: Lasix na frusemide ni kitu kimoja, Panadol na paracetamol ni kitu kimoja. Mzee akimeza zote anameza maradufu, na anaweza kuanguka kwa kizunguzungu njiani kuelekea chooni.

Dawa yake ni rahisi. Siku ya kuruhusiwa, jamaa aje na dawa zote zilizoko nyumbani katika mfuko mmoja. Azimwage mezani mbele ya daktari au mfamasia na kuuliza: "Ipi aendelee nayo, ipi aache, ipi ni mpya?" Zile za kuachwa, mziache.

Kwa anayetumia insulini, ulizeni itahifadhiwa vipi kwenye nyumba isiyo na friji. Haifai kukaa juani wala kando ya jiko. Wengi huiweka ndani ya chungu cha udongo kinachowekwa mahali pa kivuli na kulowanishwa kwa maji.

Maswali saba ya kuuliza

Yaandike, au mpe mtoto anayejua kuandika, ayaulize kabla hamjavuka lango:

1. Nilikuwa naugua nini, kwa lugha ninayoifahamu?
2. Dawa hizi ni za nini, nitameza vipi, na kwa siku ngapi?
3. Dawa zangu za zamani niendelee nazo ama niache?
4. Ni dalili zipi zikitokea nirudi usiku huo huo?
5. Nirudi tarehe gani, kliniki ipi, chumba gani, na nije na nini?
6. Kidonda kitasafishwa na nani, na je, zahanati iliyo karibu nami inaweza?
7. Niko na majibu ya vipimo ambayo hayajatoka? Nitayapata wapi?

Baada ya kujibiwa, rudia maelezo kwa maneno yako: "Sista, nimeelewa hivi: hiki kimoja asubuhi na jioni mpaka Jumapili, na kile kingine usiku tu. Ni sawa?" Wachunguzi wameonyesha kwamba kati ya asilimia 40 na 80 ya yale mgonjwa anayoelezwa husahaulika papo hapo. Kuyarudia kwa sauti ndiko huonyesha palipopotea. Ni bora wawe wawili wanaosikiliza, mgonjwa na jamaa mmoja atakayekaa naye nyumbani, si yule anayerejea Nairobi kesho yake.

Ni haki yako, si hisani

Usiogope kwamba utaonekana msumbufu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na matibabu yake, na inapowezekana katika lugha anayoifahamu na kwa namna inayolingana na kiwango chake cha elimu. Hati ya haki za wagonjwa iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 pia yataja haki ya kupata habari na haki ya kulalamika. Kukhu asiyejua Kiswahili sanifu ana haki ya kuelezwa kwa Kiluhya, na wodi nyingi za hapa hazikosi mhudumu anayekizungumza. Omba aitwe.

Ukiisha kufika nyumbani, usikae peke yako na karatasi. Ipeleke kwa mhudumu wa afya wa jamii wa kijiji chako. Tangu Septemba 2023 serikali iliwapa wahudumu hao vifaa, vikiwemo vya kupimia presha, sukari na joto la mwili. Zahanati na kituo cha afya navyo vyaweza kusafisha kidonda, na ada za huduma katika vituo hivyo vya umma ziliondolewa Juni 2013. Si lazima kila mara upande matatu hadi mjini.

Turudi kwa yule mama wa Khwisero. Pengine foleni ya dawa itakuwa ile ile, na mvua itanyesha vile vile. Lakini akiwa na karatasi iliyosomwa mbele yake, tarehe iliyoandikwa kwa nambari anazozijua, na mwana aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe, atakwenda nyumbani akijua la kufanya usiku homa ikipanda. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Basi uliza kabla faili haijafungwa, maana ukishapanda matatu hakuna wa kukujibu.